Jino la Mpagazi

Simu ilinikuta kazini Dar es Salaam, nimeinamia droo ya magego ya nguruwe ambao hawapo tena duniani. Mpigaji alikuwa mjukuu wa shangazi yangu wa Tabora, na alikuwa analia kiasi kwamba nilimwambia akate, anywe maji, apige tena. Alipopiga tena akasema bibi yake amekamatwa. Amekutwa na jino la tembo, yuko mahabusu, na kesi za nyara za serikali, kila mtu anajua, si kesi za kupewa onyo ukarudi nyumbani.

Nilijua jino gani. Kwetu hakuna asiyelijua. Mtoto wa ukoo akianza kutokwa udenda na kulia bila sababu, shangazi hulitoa kwenye kikapu chake kidogo, hudondoshea maji kwenye jiwe la kusagia dawa, hulisugua hapo mpaka maji yageuke meupe, kisha huchovya kidole na kupaka ufizi wa mtoto. Mimi nimeota meno kwa jino lile, na baba yangu pia. Hukaa kwa shangazi, na shangazi humwachia shangazi wa kizazi kinachofuata. Akiwa hai, mtu mwingine haligusi. Kwa hiyo mimi, ambaye siku moja lingekuja kwangu, mimi ambaye nasoma meno ya wanyama ili nipate ugali, sikuwahi kulishika hata mara moja.

Na hadithi yake tunaijua sote. Babu wa babu yetu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe ya ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na mkuu wa msafara, kwa kuona uvumilivu wake, akampa jino la ndovu yuleyule arudi nalo kwao. Hii hadithi husimuliwa kwenye harusi zetu, husimuliwa misibani, na shangazi huisimulia kwa namna ambayo pembe inazidi kuwa nzito kila mwaka.

Aliyemponza ni mjukuu huyohuyo aliyekuwa analia. Alimpiga picha bibi yake akimpaka mtoto dawa, akaiweka kwenye simu watu waione, akaandika chini yake: dawa ya jino la tembo, inatibu, tumerithi. Nilimtukana. Kisha nikamwomba radhi, maana ana mtoto mchanga na mama wa mtoto mchanga hafai kulizwa. Kisha nikakumbuka shangazi ana presha, nikamtukana tena.

Nikapanda basi.

Kazi yangu ni kuletewa vipande vya meno yaliyogeuka mawe na kusema ni vya mnyama gani. Mara nyingi kipande si kikubwa kuliko ukucha. Watu hudhani ni kazi ya watu watulivu. Mimi huifanya kwa hasira, kwa sababu jino lililovunjika lina tabia ya kuvunjika palepale ulipotaka kutazama. Basi lilipovuka mbuga ya Wembere kuelekea Igunga nilikuwa nimebana uso kwenye kioo, nikiangalia ardhi. Upande wa kaskazini kuna bonde la Manonga, ambako mvua hufukua meno ya wanyama wa kale mno, na wapo miongoni mwao jamaa wa tembo waliotoweka kabla ya binadamu yeyote kubeba chochote kwenda popote. Baadhi ya misafara ilizungukia huko kukwepa vita au ushuru. Nikaanza kuwaza: je, kama jino letu ni la huko? Nikajikataza. Ukishataka jino liwe la mnyama fulani, macho yako yameshaharibika.

Lakini nilitaka. Sikuwahi kutaka kitu namna ile.

Nilimkuta shangazi amekaa kwenye benchi la chumba cha wageni pale mahabusu, kanga yake imekunjwa vizuri, miguu imevimba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikamuuliza ilikuwaje, naye akanieleza kana kwamba anasimulia shughuli ya jirani. Afisa wa wanyamapori alikuja nyumbani kwake Kwihara na wenzake. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akamwamkia, shangazi akamwuliza kwao wapi, akasema Ugogo.

"Nikamwambia, ala! Mtani! Nyinyi ndio mliowasimamisha babu zetu njiani mkawatoza ushuru mpaka wa maji ya kunywa. Leo mmeona njia ni mbali, mmefika kabisa nyumbani. Akacheka. Akaniuliza, bibi, na hili jino ni la nini? Nikamwambia ni la tembo, tena tembo mkubwa, babu yangu alipita nalo katikati ya nchi yenu na hamkuweza kumnyang'anya. Akacheka tena."

"Halafu?"

"Halafu akaandika."

Nilifumba macho. Mnyamwezi na Mgogo wakikutana lazima wataniane, na katika utani huwezi kujibu kinyonge, unajitapa mpaka mwenzako akose la kusema. Shangazi alijitapa, na majigambo yake sasa yalikuwa maelezo ya mtuhumiwa, yamesomwa, yamewekewa dole gumba.

"Shangazi, wakikuuliza tena, sema hujui ni jino la nini."

Akanitazama. "Nisijue?"

"Ndiyo. Hujui. Ulirithi tu."

"Unataka nimkane babu ili nikalale kitandani kwangu?"

"Nataka usifie jela."

"Ni la tembo," akasema, na akanyoosha kanga magotini. "Hata hakimu nitamwambia. Kama wewe msomi una njia yako, ipite. Mimi siwezi kumfanya yule mzee mwongo."

Nilitoka pale nisijue ni hofu niliyokuwa nayo au ni kumkasirikia. Vyote, nadhani.

Ofisi niliyoruhusiwa kulichunguzia jino ilikuwa na meza, feni iliyokuwa inazunguka bila kupuliza, na watu wawili: yule afisa Mgogo na mwendesha mashtaka, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani iliyoning'inia kwa kamba. Sikuficha kitu. Nikawaambia mtuhumiwa ni dada wa baba yangu, kwa hiyo kila nitakachofanya nitakifanya mbele yao, na nitakachosema kithibitishwe na mtaalamu mwingine asiye ndugu yetu.

Mwendesha mashtaka akavaa miwani. "Nikuulize kabla hujaanza. Likiwa la tembo, utasema?"

"Ndiyo," nikasema.

Sikuwa na uhakika kama nilikuwa nasema kweli. Nilijua jambo ambalo wao hawakulijua: kwa kipande kilichosagika vile, ningeweza kupindisha maneno, na mwenzangu yeyote akiletewa picha mbaya angeweza kukubaliana nami. Hilo wazo lilikaa nami mezani muda wote.

Afisa akafungua mfuko wa kielelezo. Nikavaa glavu, nikalishika jino letu kwa mara ya kwanza. Lilikuwa zito, jeusi, linateleza kwa mafuta, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika nusu. Juu palikuwa bapa kwa kusuguliwa. Pembeni palikuwa pamevunjika zamani, na mvunjiko wenyewe ulikuwa umelainika kwa mikono ya mashangazi.

"Mimi niliangalia unene wa enameli," akasema afisa, akimaanisha lile gamba gumu la nje la jino. "Ni nene sana. Ng'ombe hana, kiboko hana namna hii. Na kwenye hili bonde la juu ya jino kuna saruji nyeupe, ile inayogandisha jino la tembo."

Hakuwa mjinga. Kila alichosema kilikuwa sawa kwa tembo, na kwa bahati mbaya kilikuwa sawa pia kwa wengine.

Nikaanza na njia ya haraka, na hapo nikajiharibia. Jino la mnyama wa juzi lina mabaki ya mwili ndani yake. Ukiligusa kwa sindano ya moto linatoa harufu ya nywele zilizoungua. Lililogeuka jiwe halinuki kitu. Nikawasha kiberiti, nikapasha sindano, nikaigusisha pale penye mvunjiko. Moshi ukapanda, mweupe, mzito, na harufu ikajaa ofisi.

Afisa akamtazama mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka akaandika.

"Ni mafuta," nikasema. "Ni mafuta ya nyonyo. Analipaka kila Ijumaa. Shangazi yake alilipaka, na shangazi wa shangazi yake." Nilisikia sauti yangu inapanda na nikaichukia. Ilikuwa kweli tupu, lakini ilisikika kama maneno ya ndugu wa mtuhumiwa.

"Kwa hiyo kipimo hakijasema kitu," akasema mwendesha mashtaka.

"Hakijasema kitu."

"Au kimesema."

Nikaomba ruhusa ya kulisafisha ule upande bapa kwa pamba na spiriti, bila kukwangua. Wakabishana kidogo kuhusu kugusa kielelezo. Afisa ndiye aliyesema niache nisafishe, yeye atapiga picha kila hatua. Nilimshukuru moyoni, japo nilikuwa nimeshaamua kumchukia.

Sasa ieleweke nilichokuwa natafuta. Gego la tembo limejengwa kwa bamba nyuma ya bamba, mfano wa mkate uliokatwa slesi, na likisagika juu unaona mistari ya enameli inayokwenda sambamba kutoka ukingo mmoja wa jino hadi mwingine. Wale jamaa zake wa kale wa Manonga hawakuwa na slesi. Gego lao lilikuwa na vinundu vinene, viwili viwili, cha kulia na cha kushoto, na likisagika unaona viduara vilivyojifunga, kila kimoja peke yake. Tena cha kulia hakitazamani na cha kushoto. Kimoja kimesogea mbele, kingine nyuma, kama meno ya zipu.

Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya pili pia. Halafu kwenye ule weusi ukatokea mstari wa rangi ya krimu, umenyooka. Nikasugua taratibu kando yake. Ukatokea mstari wa pili, sambamba na wa kwanza.

Mistari miwili, sambamba. Slesi ya mkate.

Nikaacha kusugua. Nilijifanya nachovya pamba. Niliona miguu ya shangazi iliyovimba, nikamwona jela, nikaona kaburi lake lililochimbwa na watu tusiowajua. Na nikaona pia, wazi kabisa, jinsi ya kudanganya. Ningeishia hapo. Ningesema jino limesagika mno, haliwezi kutambulika. Si uongo mkubwa. Wenzangu huandika hivyo kila siku, na mara nyingine kwa uvivu tu.

Mwendesha mashtaka alikuwa ananitazama mimi, si jino.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea kwa sababu alikuwa ananitazama. Ningependa kusema ni kwa sababu ya heshima ya kazi, lakini ilikuwa ni macho yake. Nikaufuata mstari wa kwanza kuelekea katikati ya jino. Ulikwenda, ukakwenda, kisha ukapinda. Nikadhani ni mkwaruzo. Nikaufuata wa pili. Nao ukapinda, ukaja kukutana na mwenzake, ikafunga duara. Nikavuka lile bonde lenye nyeupe, nikasafisha upande wa pili, na huko kikatokea kiduara kingine, nusu yake imekatwa na mvunjiko. Hakikukaa mkabala na cha kwanza. Kilikaa kwenye pengo.

Nilikaa chini. Sikuwa nimegundua kwamba nilisimama.

"Si tembo," nikasema.

"Saruji je?" akauliza afisa, na aliuliza kwa haki.

Nikaomba limau. Wakadhani nimechanganyikiwa. Karani akaitwa, akaenda akaleta kutoka kwa mama ntilie wa nje. Nikadondosha tone moja kwenye ile nyeupe ya bondeni, na ikatoa povu, polepole, vitone vidogo. Saruji ya jino haichemki kwa limau. Hii ilikuwa chokaa ya ardhini, iliyoingia humo jino likiwa limelala udongoni na kugeuka jiwe, na ambayo mashangazi wote wale, kwa majivu na mchanga waliolisugulia kila mwezi wa Shaabani, hawakuweza kuing'oa.

Afisa akainama karibu kabisa. Alitazama vile viduara kwa muda, akapiga picha, akatazama tena. "Mimi niliangalia unene tu," akasema taratibu.

Nikawaandikia jina la kisayansi la mnyama yule. Mwendesha mashtaka alijaribu kulisoma, akakohoa, akaliacha. Picha zikatumwa kwa mtaalamu wa nje ambaye sikumchagua mimi. Tulingoja jibu siku ile na kesho yake, na kungoja kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko uchunguzi, kwa sababu mikono haikuwa na kazi. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: anakubaliana nami. Shangazi hakuwa na nyara ya serikali. Alikuwa na kisukuku, jino la kale lililogeuka jiwe, na kisukuku ni malikale, mali ya taifa. Mashtaka yakaondolewa. Jino likabaki.

Hati ya makabidhiano niliisaini mimi, kwa niaba ya stoo ya malikale ninakofanya kazi. Ndiko lilikokwenda.

Afisa mwenyewe ndiye aliyetuendesha kurudi Kwihara. Shangazi alikaa mbele. Njia nzima hakumtania, na nikaona kijana anaumia kwa hilo kuliko ambavyo angeumia kwa matusi. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliponigeukia.

"Kwa hiyo hakupewa."

"Hakupewa, shangazi. Wala si la ndovu mwenye ile pembe aliyoibeba. Ni la mnyama aliyekufa zamani mno. Nadhani aliliokota njiani, huko Manonga."

"Akiwa na pembe begani?"

"Labda wakati wa kwenda, labda wakati wa kurudi. Sijui."

Gari likapita mashamba ya mahindi, likapita watu wanaotembea na baiskeli zilizobeba mkaa. "Mtu amebeba mzigo wa watu mpaka bega limeota sugu," akasema, "akaona kitu chini, akainama akakichukua. Hicho basi ndicho pekee kilichokuwa chake. Katika safari yote ile." Akamtazama yule kijana, kisha mimi. "Ushuru mmeupata."

Afisa alicheka kwa kushtuka, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Mimi sikucheka. Ushuru ule niliutoza mimi.

Nyumbani walikuwa wamejaa. Ubani ulikuwa unawaka, dua ikasomwa, wali ukaliwa. Mjukuu, yule wa picha, alikuwa anajificha jikoni, na mtoto wake alikuwa analia tangu tulipoingia, kilio kile cha kukatika na kuanza upya, udenda umelowesha kifua. Watu wakageuka wote kutazama kikapu kidogo cha shangazi ukutani. Kisha wakakumbuka, wakatazama sakafu, na baadhi wakanitazama mimi.

Shangazi akaagiza aletewe mtoto na chupa ya mafuta ya nyonyo. Nilidhani atampaka yeye. Akamweka mtoto mapajani mwangu.

"Nawa mikono," akaniambia. "Chovya kidole. Kile cha shahada."

"Shangazi, mimi sijui."

"Wewe ndiye uliyelipeleka. Zamu ni yako, jino liwepo lisiwepo. Sugua."

Nikanawa, nikachovya, nikatia kidole kinywani mwa mtoto. Akaking'ang'ania kwa nguvu nisizotarajia. Ufizi ulikuwa wa moto. Nikausugua polepole, mbele na nyuma, kama nilivyomwona yeye akifanya maisha yangu yote, na chumba kizima kikanyamaza kwa sababu mtoto alinyamaza. Kisha chini ya kidole nikagusa ukingo mdogo, mkali, ambao ulikuwa haujatoka lakini ulikuwa unakuja.

"Ni la mbele," nikasema. "La chini, upande wa kushoto."

"Hilo hata mimi nalijua," akasema shangazi. "Usitoe kidole mpaka alale."